Ufunguo wa Pili wa Fundi Kufuli

Alipoanguka, Fundi Kufuli alikuwa nyuma ya mlango mgumu kuliko yote mtaani, na mlango huo alikuwa ameutengeneza mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne. Bafuni alikanyaga kipande cha sabuni, mguu ukaenda huku na mwenyewe akaenda kule, akaangukia nyonga. Hakuvunjika, ila kusimama hakuweza. Alijikokota hadi jikoni, akavuta sufuria na kuigonga sakafuni kwa mwiko mpaka majirani wakasikia. Walikuja wengi, kila mmoja na shauri lake. Lakini mlango ule ulikuwa na vitasa viwili, kimoja cha dukani na kingine alichokiunda kwa mkono wake, na hicho cha pili kilikuwa na ufunguo mmoja tu duniani. Ufunguo wenyewe ulikuwa ndani, umening'inia shingoni mwake kwa uzi. Akaitwa fundi mwingine kutoka mtaa wa pili. Yule bwana alipiga magoti, akachungulia tundu, akachokonoa weee, mwishowe akasimama na kujipangusa.

"Aliyefunga hapa," akasema kwa heshima, "hakutaka utani."

Wakavunja dirisha la jikoni.

"Nilikuwa chini pale na maumivu yangu," Fundi aliniambia baadaye, "lakini niliposikia jamaa ameshindwa, nakwambia, nilipata nafuu."

Mimi nilikuwa nimepanga chumba ng'ambo ya barabara, juu ya duka la viatu, kwa kazi ya kuandika ambayo imenizungusha miji mingi kama barua yenye anwani mbaya. Fundi nilimjua kwa sababu ile ile iliyowafanya watu wote wamjue: nilipoteza ufunguo. Kibanda chake kilikuwa chini ya dirisha langu, chembamba, kimebanwa kati ya duka la viatu na mahali pa kutoa fotokopi. Ndani mlikuwa na jiliwa la kubania vyuma lililofungwa kwenye meza, tupa za kila unene, mashine ya kukatia funguo iliyopiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, na ukuta mzima wa funguo zisizo na meno bado. Aliniita Mgeni siku ile, na nilipokwisha kukaa miezi aliendelea kuniita hivyo hivyo.

Aliyemfundisha kazi, zamani, alimpa neno moja kabla ya kumruhusu ashike tupa: ufunguo wa pili ni mlango wa pili. Mchana kutwa Fundi aliwachongea watu milango yao ya pili, ya mke, ya mpangaji, ya mtoto aliyerudi chuoni, na nusu ya mtaa uliingia nyumbani kwa kazi ya mikono yake. Yeye jioni alirudi kwenye mlango mmoja na ufunguo mmoja. Hata marehemu mkewe, aliyeuza vifungo na nyuzi, hakuwahi kuwa na wake. Siku akitangulia kumaliza kazi alimsubiri mumewe kibandani, juu ya kigoda, akimsimanga mbele ya wateja. "Nimeolewa na mlinzi wa benki," alikuwa akisema, "tena mlinzi asiye na benki."

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Huyu wetu alijinyoa, ndipo akajikata.

Binti yake alifika kwa basi siku iliyofuata anguko. Alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji katika mji mwingine, safari ya nusu siku, mwanamke mwenye sauti ya chini na macho yanayoona vumbi kabla halijatua. Jumamosi nilipokwenda kumwona mgonjwa na machungwa yangu, nilimkuta mgonjwa kitini, binti amesimama, na mazungumzo yamefika pabaya.

"Baba, nijibu swali moja tu. Siku nyingine ukianguka, nani atajua? Na akijua, ataingiaje?"

"Hayo ni maswali mawili."

"Nijibu la kwanza basi."

"Majirani."

"Majirani walijua kwa sababu ulikuwa na nguvu za kugonga sufuria. Ukikosa nguvu?"

"Mama," Fundi alisema, maana alimwita hivyo tangu yuko mchanga, "wahenga walisema heri jirani wa karibu—"

"Kuliko ndugu wa mbali, najua. Wahenga hawakukiona kitasa chako."

Niliweka machungwa mezani taratibu. Binti aligeuka akanieleza kama mtu anayepeleka shauri kwa hakimu. Alikwisha kutoa kitanda cha watoto wake kwenye chumba chao, kule kwake. Watoto watalala naye, babu apate chumba. Chumba kina dirisha linalotazama bustani. Hakuna sabuni ya kipande, ipo ya maji. Jumanne anatakiwa kazini, na hawezi kurudi akimwacha baba yake nyuma ya lile sanduku la chuma.

Fundi aliutazama ukuta. Kuhama, kwake, kulikuwa ni kufunga kibanda, na mtu wa umri ule akifunga kibanda hafungui kingine.

"Mkahawani watajua," alisema ghafla.

"Mkahawa gani?"

"Wa Wachina, pale kona. Nilikuwa nakwenda na mama yako kila Jumapili, na mpaka leo naenda. Pale mimi siiti mtu. Nikikaa tu, vitu vinakuja vyenyewe. Wananijua kuliko wewe unavyonijua."

Binti alikunja mikono. "Sawa. Kesho Jumapili. Tutakwenda. Nikiona kweli kuna watu wanaokujua, watakaouliza siku usipoonekana, Jumatatu napanda basi peke yangu. Nisipoona, tunapanda wawili."

"Na Mgeni aje," akasema Fundi. "Awe shahidi."

"Shahidi wa nani, Baba?"

"Wa haki. Lakini atakaa upande wangu."

Mkahawa wenyewe ulikuwa ghorofa ya chini, mpana, na mlangoni palikuwa na matangi ya vioo. Humo kaa waliofungwa magando kwa uzi walipandana wao kwa wao, kambamiti walirudi kinyumenyume kama watu waliosahau kitu nyumbani, na chewa mmoja mnene alifungua na kufunga mdomo bila kusema neno. Ndani meza zilikuwa za duara, zimetandikwa kitambaa na juu yake plastiki, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili asubuhi hapakuwa na kiti cha kuchagua. Wasiojuana walikaa meza moja, kila kundi na birika lake, wakiegemezana magazeti na watoto. Chakula cha asubuhi cha namna ile wenyewe wanakiita dimsam: vikapu vidogo vya mianzi, na katika kila kikapu vifuko vya unga vilivyopikwa kwa mvuke, laini, vimekunjwa marinda kama sketi ya shule, ndani mna kambamiti au nyama. Vikapu hupangwa juu ya toroli lenye maji yanayochemka chini yake, na toroli hupita katikati ya meza. Ukipenda unaonyesha kidole.

Aliyesukuma toroli lile alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono isiyoogopa moto. Wazazi wake ndio walioufungua mkahawa. Alizaliwa ghorofani, juu ya jiko hilo hilo, ingawa siku zile alikuwa akiishi mtaa wa nyuma ya kwetu, na wateja wote, hata waliomzidi umri, walimwita Shangazi. Alituona, akatuamkia kwa kichwa, akatuletea birika la chai na vikombe, akamtazama binti mara moja kwa makini, akaenda zake. Watu walikuwa wengi.

"Umeona?" Fundi alisema. "Hata hatujaagiza."

"Ni chai, Baba. Kila meza ina chai."

"Subiri."

Alikuwa amevaa koti. Nadhani lilikuwa la harusi, si lazima yake. Mkongojo aliokodishiwa na hospitali aliuficha chini ya meza.

Binti akamimina chai, kwanza kwa baba yake, kisha kwangu, kisha kwake. Kifuniko cha birika kilikuwa hakijakaa sawa. Kilikuwa kimeinamishwa, kimeegemea ukingo. Akakifunga. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha upasuaji haachi chombo wazi.

Sasa, katika mikahawa ya namna hii, popote nilipoikuta, birika lina lugha yake. Kifuniko kikiinamishwa maana yake ni njooni mtuongezee, tupo. Kikifungwa sawasawa maana yake tuacheni kwanza. Ndiyo sababu husikii mtu akipiga makofi wala kuita mhudumu. Nilikuwa karibu kusema, lakini Fundi alikuwa katikati ya kumweleza bintiye jinsi anavyojulikana pale, na si adabu kumsahihisha mtu mbele ya mwanawe, tena ukiwa shahidi wake. Nilifikiri pia kwamba yeye, mteja wa miaka yote hiyo, atakiona mwenyewe.

Hakukiona. Alikuwa analitazama toroli.

Toroli lilikuja na mvuke wake, Shangazi akitaja kilichomo kwa sauti ya kuimba, likasimama meza ya jirani, likatupita.

"Amepita," binti alisema.

"Anaanzia kwa wale wa nyuma. Ndio utaratibu."

Likarudi. Mume na mke wazee tuliokaa nao meza moja wakapewa vikapu viwili bila kufungua mdomo, na mke akapewa na kitambaa cha mkono. Shangazi aliusoma upande wetu kwa jicho moja, akasukuma mbele.

"Labda hajakuona, Baba."

"Hajaniona? Mimi?" Fundi alikohoa, akanyoosha kola. Mara ya tatu toroli lilipokaribia aliinua mkono kidogo, akaonekana kama mtu anayejikuna sikio. Likapita. Chai vikombeni ilikuwa imebaki majani.

Binti hakucheka. Afadhali angecheka. Alimgusa baba yake mkononi na kusema taratibu, "Si neno, Baba. Watu wana kazi nyingi." Upole ule ndio uliomchoma. Fundi alivuta mkongojo kutoka mafichoni, akasimama.

"Nakwenda kuwachagulia samaki," alisema, akaenda kuelekea matangini akichechemea, na koti la harusi likichechemea naye.

Binti alimfuata kwa macho mpaka alipofika. "Mgeni," akaniambia, "niambie kweli. Wanamjua hapa?"

Nilifungua mdomo nimwambie habari za kifuniko, lakini toroli likasimama kando yetu na Shangazi akainama.

"Mmemaliza?"

"Hata hatujaanza, Shangazi," binti alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjaanza? Mimi napita hapa nimeziba masikio. Nasema leo mzee ana kikao na binti yake, nisiwaingilie na kambamiti wangu. Si birika mmelifunga?"

"Nimelifunga mimi. Lilikuwa wazi."

"Lilikuwa wazi kwa kuwa nililiacha wazi." Shangazi akakishika kifuniko, akakiinamisha, akaeleza kwa maneno machache nilichokuwa nikikimeza. Kisha akatupa jicho kule matangini kuhakikisha Fundi hasikii. "Na baba yako usimcheke. Hajui mpaka leo. Aliyekuwa akikiinamisha ni marehemu mama yako. Alifundishwa na mama yangu, hapo ulipokaa, wakiwasengenya waume zao. Baba yako anadhani chai ya hapa ina miguu."

Binti alilitazama birika.

"Baada ya msiba alikuja peke yake," Shangazi aliendelea, akipanga vikapu mezani petu bila kuuliza, kimoja, kingine, kingine. "Alikaa na birika limefungwa. Sisi tukadhani anataka kuachwa. Akanywa chai ya baridi mpaka mwisho, akaondoka bila kula. Nilipotandua meza ndipo nikaelewa, huyu hakuna wa kumwinamishia. Jumapili iliyofuata nikakiinamisha kifuniko mwenyewe kabla sijaliweka birika. Tangu hapo ndivyo ninavyomletea. Leo nikaona mkono wa mtoto wake umefunga, nikasema basi, leo ana mtu."

Nilidhani kesi imekwisha na upande wetu umeshinda. Lakini nesi ni nesi.

"Shangazi, asipokuja siku moja, utajua?"

"Akikosa Jumapili, najua kabla maji hayajachemka mara ya pili."

"Alianguka Jumanne."

Shangazi aliacha kupanga. "Ndiyo. Na mimi nilisikia Jumatano, tena sokoni. Sikudanganyi, mwanangu. Jumanne sikujua." Akajifuta mikono kwa aproni. "Lakini napita mlangoni kwake kila asubuhi nikija kazini. Kugonga si kazi. Shida yangu ni moja. Nikigonga asiitike, nifanyeje? Nisimame pale niwike kama jogoo? Mlango ule umewashinda wenye kazi yao."

Hapo Fundi akarudi, na nyuma yake mtunza matangi, mwanamume mrefu aliyevaa mabuti ya mpira, mkononi ana ndoo. Ni desturi ya mikahawa hii kwamba samaki huletwa mezani akiwa hai, mwenye kula amwone kabla hajapikwa. Ndooni alikuwa yule chewa wa mlangoni, bado hana la kusema.

"Mtazameni vizuri," alisema mtunza matangi, "kabla hajaenda kubadilisha nguo."

Binti aliinama juu ya ndoo kwa mazoea. "Anapumua sawa."

"Siku hizi kuna zahanati ya samaki?"

"Binti yangu yuko upasuaji," Fundi alisema kwa fahari.

"Basi leo yuko likizo. Upasuaji wa huyu ni wetu." Akaondoka na ndoo yake.

Fundi alikaa, akaona meza imejaa vikapu, mvuke unapanda, birika limejazwa. Uso wake ukachanua. "Nilikwambia nini?"

Mimi nilikula. Marinda ya vile vifuko yalikuwa membamba hata kambamiti ndani alionekana kwa rangi, na ukiuma, mchuzi wake unakuunguza ulimi kwa haraka yako mwenyewe. Binti alimwachia baba yake ashibe kidogo. Ndipo akamwambia, wala hakumzungusha: kwamba ni kweli anajulikana, amekubali; kwamba Shangazi yuko tayari kugonga kila asubuhi; kwamba kugonga bila ufunguo ni kumpigia hodi maiti.

"Kwa hiyo ni ufunguo, Baba. Au ni basi."

Fundi aliweka vijiti chini. "Ufunguo wa pili—"

"Ni mlango wa pili. Najua. Ndiyo ninachokitaka."

"Mama, wewe hujui kazi hii. Kitasa kikiwa na funguo mbili hakina tena siri. Ni kama—" Akatafuta mfano, hakuupata. Mkono wake ulikuwa umekwenda kifuani, juu ya uzi.

Samaki aliletwa amepikwa mzima kwa tangawizi na majani ya vitunguu. Shangazi akazungusha sahani hadi kichwa kikamwelekea binti, kwa kuwa yeye ndiye mgeni, akajaza chai, akaacha kifuniko kimeinama. Fundi akanyoosha mkono kukifunga. Bila shaka alijifunza adabu hiyo muda ule ule, kwa kumwiga bintiye. Binti akamshika kiganja.

"Kiache. Mama ndiye alikuwa akikiacha hivyo. Ndivyo chai ilivyokuwa ikija."

"Nani?"

"Mama. Alikuwa anawaita. Baadaye Shangazi akawa anakuinamishia."

Fundi alikitazama kile kifuniko, kipande cha udongo mweupe kilichomeguka ukingo, kama anavyotazama kitasa alicholetewa kutoka nyumba asiyoijua. Alikiinua, akakirudisha, akakiinamisha, akatazama nafasi iliyobaki wazi. Haikupita unene wa kidole.

"Kumbe," alisema.

Wale wazee wenzetu wa mezani walimaliza chakula, wakaaga, wakaondoka, na yeye bado anakiinua na kukiinamisha. Samaki alikuwa mtamu na tulimla hadi mifupa. Mwishowe Fundi akavuta uzi shingoni, akatoa ule ufunguo, akauweka kando ya birika. Ulikuwa mrefu, wa shaba, na meno pande zote mbili.

"Alikuwa ananisubiri kibandani," alisema, akiuambia ufunguo. "Siku za mvua pia." Kisha kwa bintiye: "Huu mashine haiukati. Ni wa tupa. Basi lako kesho saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Basi hutauona."

"Nikipanda la asubuhi hutauchonga, Baba. Nakujua. Nitapanda la mchana."

Jumatatu mkahawa hupumzika. Asubuhi hiyo yote nilisikia tupa chini ya dirisha langu, kwanza ile ya meno makubwa, kisha nyembamba, kisha ile ndogo inayolia kama mbu. Wateja waliokuja walirudishwa. Binti alikaa kwenye kigoda cha mama yake, begi lake miguuni, akimenya machungwa yangu na kumlisha baba yake kipande kimoja kimoja kwa kuwa mikono yake ilikuwa na vumbi la shaba. Nilivyowaona kwa juu sikusikia wakizungumza sana.

Mchana Shangazi alikuja bila aproni, akaonekana mtu mwingine. Fundi akampa ufunguo mpya, unang'aa, na bado una joto, pamoja na nakala ya ule wa kitasa cha dukani.

"Tujaribu," akasema, tukavuka barabara wote hadi mlangoni kwake. "Mimi naingia, nafunga. Wewe unafungua kwa nje."

"Na uwe chini," binti akasema. "Ukianguka hutakuwa umesimama."

Fundi alimtazama aone kama ni mzaha. Haukuwa. Akaingia, akafunga, tukamsikia akikaa sakafuni kwa kuguna, pale pale karibu na bafu. "Haya," alisema kutoka ndani.

Shangazi akafungua kitasa cha dukani, akatia ufunguo mpya kwenye cha pili, akageuza. Haukugeuka. Akautoa, akaufuta, akautia tena. Ulikwenda nusu ukakwama. Akanitazama. Binti alikuwa ametazama barabarani, na kwa upande niliona uso wake umebadilika. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameanza kuhesabu kichwani nguo za baba yake.

"Vipi huko?" Fundi akauliza.

"Haugeuki," Shangazi akasema.

"Haiwezekani. Nimeupima na wa kwanza, ni pacha. Ngoja nije."

"Usisimame, Baba," binti alisema mlangoni. "Siku hiyo hutasimama. Elekeza ukiwa hapo hapo."

Ndani kulikuwa na mtu aliyefungua mlango ule kila siku ya maisha yake na hajawahi kujiuliza anafanya nini. Tulimsikia akinong'ona, natia, nasukuma, nageuza. Kupitia dirisha la jikoni, ambalo kioo chake kipya bado kilikuwa na alama za vidole vya fundi, nilimwona. Alikuwa amekaa sakafuni, mkono umeinuliwa hewani, anafungua mlango usiokuwepo. Akaufungua mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu akauangalia mkono wake wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa unapanda.

"Nauinua," akasema kwa mshangao. "Mlango umelala kidogo kwenye bawaba. Kumbe siku zote nauinua. Shangazi, shika kishikio uinue, kidogo tu. Kama kifuniko."

Shangazi akainua. Ufunguo ukazunguka bila sauti, kama kitu kilichokuwa kikingoja kuambiwa, na mlango ukafunguka. Alipitiliza moja kwa moja hadi alipokaa Fundi, akamnyooshea mkono wake usioogopa moto. Haikuwa maonyesho tena; kweli hakuweza kusimama peke yake. Wakasimama pamoja.

"Umeingia," Fundi akamwambia, kana kwamba anamjulisha.

"Nimeingia. Nyumba yenyewe haina hata kitu cha kuibwa."

Binti alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. Akachukua begi, akambusu baba yake mkono wenye vumbi la shaba. Nilimsindikiza kituoni, naye akaniambia njiani kwamba kitanda cha watoto hatakirudisha kwanza. Basi likaondoka naye peke yake.

Nilikaa mji ule mpaka kazi yangu iliponihamisha, na kila asubuhi, hata ya Jumatatu, chai yangu ikiwa bado jikoni, nilisikia ng'ambo ya barabara viganja viwili mlangoni na sauti ya Shangazi. "Upo?"

"Nipo."

"Haya, nakwenda."

Asubuhi moja Fundi akaona amjaribu. Aligongewa, akakaa kimya. Akagongewa tena, kimya. Kutoka dirishani nilimwona Shangazi akiweka mfuko wake chini, hana haraka, akitoa ufunguo, akishika kishikio na kuinua. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguka kiasi cha unene wa kidole kabla ya sauti kutoka ndani kwa pupa: "Nipo, nipo, Shangazi, nilikuwa nakutania."

"Mimi kwenye mlango wako," alijibu, akiufunga tena kwa nje kwa utaratibu, "sitaki utani." Akauokota mfuko, akaenda kupasha maji.